Theonest Bujiku, Aliyeuza Vitabu kwa Kejeli

Ndugu waombolezaji, marehemu hakuvumilia historia za misibani zinazomgeuza kila mlevi mtakatifu na kila mchoyo mkarimu, zilipoanza kusomwa aliinuka akaondoka, na kwa kuwa leo hana namna ya kuondoka, familia imeona imtendee haki kwa kumsema alivyokuwa, mtu mwenye ulimi mkali aliyewadharau wengi, wakiwemo wengi mlioketi hapa.

Theonest alizaliwa tarehe 14 Machi 1938 hapa Ushetu, wilaya ya Kahama, mtoto wa pili wa Mzee Bujiku, kiongozi wa kundi la ngoma la Wagalu, ambaye mpaka leo kila baada ya mavuno hushindana na Wagika, makundi mawili yakipiga ngoma kwa wakati mmoja, na kundi ambalo watazamaji wanalikimbia ndilo lililoshindwa, hakuna rufaa. Mzee Bujiku aliongoza kutoka juu ya kigoda chake, na hakuwahi kukimbiwa.

Marehemu alianza shule mwaka 1947, akapata ubatizo na jina la Theonest, akamaliza shule ya kati mwaka 1955, akasomea ualimu, na tarehe 6 Januari 1958 akaanza kufundisha Rwamgasa, Geita, watoto asubuhi na, kampeni ya kisomo ilipokuja, wazazi wao jioni. Hapo ndipo swali moja lilipomnyima usingizi, kwamba watu wazima hawa wakishajua kusoma watasoma nini, kwa kuwa hakuna aliyekuwa akiwaandikia.

Tarehe 20 Agosti 1960 alifunga ndoa na Mbuke, binti wa mwimbaji wa Wagika, jambo ambalo Mzee Bujiku hakulimeza vizuri, na wakajaliwa watoto watatu, Limi, Gregory na Apolonia.

Desemba 1973 aliacha ualimu ili aandike, walimu wenzake wakacheka hadi machozi. Hadithi yake ya kwanza, Shimo Halina Shemeji, inayohusu wachimbaji wawili waliooa nyumba moja na kugombana chini ya ardhi, aliipeleka kwa afisa mmoja amwandikie dibaji, afisa akaikalia mwaka mzima, akairudisha na alama za vikombe vya chai bila neno hata moja, nasi hatumtaji jina kwa sababu hata leo hakuja. Tangu hapo marehemu aliwaambia vijana wanaoandika kwamba dibaji ya mkubwa ni kilemba cha ukoka, na hadithi isiyoweza kusimama yenyewe haitasimamishwa na mhuri.

Februari 1975 aliichapisha kwa fedha zake kwa Bwana Rajnikant, mpiga chapa wa Shinyanga mjini, ambaye alimshauri achape vichache kwanza aone vinavyokwenda, marehemu akajiona anajua zaidi, akarudi na maboksi yaliyojaza uvungu wa vitanda vyote vya nyumba yake.

Nakala ya kwanza alimpelekea baba yake. Mzee Bujiku hakuifungua, alimrudishia mbele ya wachezaji wake akasema, "Kitabu hakina ngoma. Siku watu wakinikimbia uwanjani wamfuate mtu wa karatasi, nitashuka kwenye kigoda hiki nikae mavumbini." Marehemu alicheka pamoja na wengine, lakini Mama Limi anashuhudia kwamba kila alichoandika baadaye alikiandika ili kumshusha mzee yule.

Mwaka mzima aliuza kwa unyenyekevu, akibisha hodi na kuomba samahani, nanyi mkamtenda mlivyozoea. Ndugu mlisema tuachie kimoja, kwani sisi si damu moja, mkakitumia kuwashia moto, na walimu walinunua kimoja shule nzima, wakakizungusha hadi jalada likang'oka, kisha wakamlaumu kwa jalada bovu. Ndipo Mama Limi, aliyekulia kwenye mashindano, akamwambia, "Baba Limi, kwetu hakuna anayemfuata anayebembeleza. Watukane kwanza, watasogea."

Siku ya mnada iliyofuata alipanda juu ya boksi hapo Rwamgasa, wachimbaji wakiwa wameuza dhahabu yao, akatangaza kwamba hakuja kuwauzia, kwamba kitabu kile ni cha watu wenye akili na wao wakanywe pombe tu. Mchimbaji mmoja alipodai anajua kusoma, marehemu akamtaka athibitishe, naye akasoma kwa sauti ule ugomvi wa shimoni, na alipofika patamu marehemu akamnyang'anya kitabu. Maboksi yalikwisha kabla ya mvua.

Kuanzia hapo hakutoa kitabu bure hata kwa mama yake mzazi, hakuuza kwa wakulima kabla pamba haijalipwa, na hakupeleka hadithi kwa mpiga chapa kabla ya kuwasomea wachimbaji, kwani walipopiga miayo aliikata sehemu hiyo. Vitabu vingine viwili vilitoka mwaka 1978 na 1983, na waandishi waliokaa wakisubiri kugunduliwa hakuwapa hata salamu.

Novemba 1985 aliugua kifua, akalazwa hospitali ya misheni, Mei akarudishwa hapa nyumbani, ambako kila siku aliuliza kama baba yake amekuja, na hakuwa amekuja. Alifariki Jumatano, tarehe 9 Julai 1986.

Historia iliyoandikwa jana iliishia hapo, familia inaongeza haya. Mzee Bujiku alikataa kuahirisha mashindano ya leo, akisema ngoma haingoji karatasi, lakini asubuhi malori ya wachimbaji wa Rwamgasa yalipita kando ya uwanja, watu wakisoma Shimo Halina Shemeji kwa sauti na kupokezana, watazamaji wakaanza kuyafuata, wa Wagika kwanza, kisha wa Wagalu, mpaka wapiga ngoma wenyewe.

Mzee, tunakuona. Umeletewa kigoda chako umekikataa, umeketi mavumbini karibu na jeneza. Tulikuwa tumejiandaa kukudharau, na tumeshindwa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliochimba kaburi, Bwana Rajnikant aliyefunga duka lake akaja, na wote walionunua, na waliochukua bure wanajijua.

Baba Limi, baba yako amekuja, uwanja wote ni wako, pumzika kwa amani.