Dkt. Lynnet Akoth Nyamhanga, Aliyetaka Tufike Wote

Wakwe zetu wa hapa Kehancha, jamaa zetu mliotoka Ndhiwa na Homa Bay, wasomi mliofanya kazi na marehemu, na nyinyi vijana wa boda boda mliokaa kule nyuma kana kwamba hamkualikwa, hamjambo. Kwa majina naitwa Pauline Adhiambo. Nauza mitumba soko la Ndhiwa, na mimi ndiye dada mkubwa wa marehemu. Nimepewa kusoma wasifu huu kwa sababu, kwa maneno ya shemeji yangu, sauti yangu haihitaji kipaza sauti. Tumeuandika kwa Kiswahili ili Mjaluo asimwache Mkuria nje, wala Mkuria asimwache Mjaluo. Anayetaka kulia atalia, lakini kwanza asikilize.

Lynnet Akoth alizaliwa Jumanne, tarehe 3 Machi 1981, nyumbani kwetu karibu na soko la Ndhiwa. Alikuwa mtoto wa pili wa marehemu Mzee Elisha Odero na Mama Phelesia Anyango, aliyeketi hapa mbele yenu. Mvua ilikuwa inanyesha siku hiyo, ndipo akaitwa Akoth. Baada yake alizaliwa mdogo wetu Ochieng, na mlango ukafungwa.

Alikuwa mtoto wa kuchelewa. Siku moja Mama alimtuma maji mtoni, akangoja mpaka akashika fimbo na kumfuata. Alimkuta amechuchumaa kando ya njia, ndoo tupu, anatazama siafu. Hakuomba msamaha. Alisema, "Mama, hawa ni wengi hivi, na hakuna anayempita mwenzake." Alichapwa hapo hapo, akarudi nyumbani bila maji. Hao siafu mtawasikia tena, msiwasahau.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Ndhiwa, akafanya mtihani wa darasa la nane mwaka 1995, na Januari 1996 akaingia shule ya bweni ya wasichana Asumbi. Huko walimfanya kiranja wa bwalo la chakula. Alipanga foleni ya uji upya, na wasichana waliokuwa wanagombana kila asubuhi wakashangaa kwamba wanamaliza kunywa kabla ya kengele. Aliporudi likizo akajaribu kupanga foleni nyumbani pia, sisi watu watatu na sufuria moja. Tulimvumilia tu. Mwaka 2000 alijiunga na chuo kikuu jijini Nairobi kusomea uhandisi wa ujenzi, akahitimu mwaka 2005, na baadaye, mwaka 2016, akapata shahada ya uzamifu katika kuiga mwendo wa magari kwa kompyuta. Sisi tuliobaki nyumbani alitueleza hivi: anatengeneza barabara ya kuchezea ndani ya kompyuta, anaijaza magari, pikipiki na watu wa soko, kisha anatazama nani atamgonga nani kabla hawajagongana kweli.

Huko chuoni ndiko alikokutana na Injinia Magige Nyamhanga wa hapa Kehancha. Maneno yalikuwa mengi wakati ule, Mjaluo kwa Mkuria, na mengine yalitoka kwangu. Ng'ombe walipoletwa Ndhiwa, Mama aliwazunguka, akasimama mbele ya mmoja, akasema huyu amekonda. Lynnet akamjibu, "Mama, ametoka mbali kwa ajili yangu, hata wewe ungekonda." Walifunga ndoa kanisani tarehe 13 Desemba 2008, na Mungu akawapa watoto wawili, Terry na Job. Shemeji, ulimtunza vizuri. Niliyoyasema zamani nimeyafuta leo mbele ya watu.

Sasa niseme la Ochieng, maana bila Ochieng hamtaelewa kazi ya Lynnet.

Desturi yetu mnaijua. Maiti haiingii nyumbani kimya. Inapotoka mochari, vijana wa pikipiki huisindikiza kwa honi na matawi, na kila mmoja anataka kulipita gari la maiti ili awe wa kwanza kuingia uani na kupaza habari. Tunaita heshima. Ijumaa, tarehe 21 Agosti 2009, tulikuwa tunamleta mjomba wetu kutoka Homa Bay. Ochieng alibebwa nyuma ya rafiki yake, tawi mkononi, kichwa wazi, na karibu na kituo cha Rodi wakajaribu kulipita gari la maiti. Lynnet alikuwa Nairobi. Alinipigia simu kuuliza, "Mmefika?" Nilishindwa kumjibu. Tulizika watu wawili badala ya mmoja, na katika matanga ya Ochieng vijana walikimbizana tena vile vile, kwa kumheshimu.

Tangu siku hiyo Lynnet hakuuliza tena "mmefika?" Aliuliza, "Mmefika wote?" Ukisafiri kwenda Kisumu, ukienda tu Uriri kununua mahindi, simu italia. Mimi ilinikera sana. Nilimwambia mara nyingi kwamba mtu mzima hahesabiwi kama kuku jioni. Alicheka, na kesho yake akapiga tena.

Alianza kufundisha chuo kikuu mwaka 2010, lakini kazi iliyomkalia moyoni aliifanya huku kwetu, kuanzia mwaka 2019, akiwa na wenzake watatu. Mmoja ni mumewe. Mwingine ni Dkt. Kerosi, mpasuaji, yule pale mwenye miwani. Wa mwisho ni Marion, mtaalamu wa viumbe, ambaye maisha yake yote amefuata wadudu. Injinia, daktari, mtu wa magari na mtu wa wadudu. Nilidhani watatoa kitabu kisichosomeka. Kumbe walitoa jambo ambalo hata mimi nalieleza sokoni huku nakunja suruali.

Walisimama Rodi, wakasimama Rongo, wakasimama makutano ya Uriri na kamera na saa. Kina mama wa Uriri walimwona Lynnet na koti lake la kung'aa wakaamua ni mtu wa kaunti amekuja kuvunja vibanda. Walifunga biashara mbio mbio, nyanya zikamwagika, na utafiti wa siku hiyo ukaharibika kwa sababu hakukuwa na soko la kutafiti. Alirudi wiki iliyofuata bila koti, akanunua nyanya kwa kila mmoja. Tulikula nyanya mpaka tukachoka.

Matokeo waliyatoa tarehe 18 Septemba 2024. Dkt. Kerosi aliona kwamba wengi wanaoletwa kwake kutoka misafara ya mazishi ni abiria wa nyuma, wala hawaumii pale mbele. Wanaumia kule nyuma kabisa, ambako mtu hajui kwa nini mwenzake amekanyaga breki. Magige alijua vijana wanavua helmeti kwa sababu inawapika kichwa, akaitoboa njia za hewa, na waliojaribu wakakaa nayo mpaka mwisho wa safari. Marion alileta siafu: wanapobanana hawapitani wala hawasimami, wanapunguza kidogo na kuendelea. Lynnet akaingiza tabia hiyo ya siafu katika barabara yake ya kompyuta, kisha akaomba vijana wa Uriri waijaribu barabarani. Wakakuta kwamba msafara usiolipita gari la maiti unafika nyumbani mapema kuliko ule wa kukimbizana, na breki za ghafla zinakaribia kuisha. Lingine walilolikuta ni dogo, lakini ndilo lililotusaidia jana: kelele hazibadilishi chochote. Upige honi usipige, ni sawa. Kinachoua ni kupitana.

Mwezi wa Novemba mwaka huo huo chakula kilianza kumkwama kooni. Januari tukaambiwa ni saratani. Alitibiwa Nairobi na Kisumu, akakonda, akawa anakunywa uji mwepesi kwa kijiko, na bado anapokea simu za wanafunzi wake. Mwezi wa Mei aliomba aletwe Homa Bay, aone ziwa dirishani.

Hapo ndipo Levis alipomtembelea. Levis Otieno ni mwenyekiti wa boda boda wa Ndhiwa. Ndiye aliyekuwa anaendesha ile pikipiki siku ya Ochieng. Amesimama kule nyuma, na ameniruhusu niseme. Mama alikuwa kando ya kitanda, nami nilikuwa mlangoni.

Lynnet akamwambia, "Levis, siku yangu ikifika, asiwepo mtu wa kunipita."

Levis akakuna kichwa. "Daktari, hiyo ni ngumu. Vijana watasema tumekubeba kama mzigo wa sukari. Nduthi zitakuja, pikipiki mpaka za Rongo, sijui hata nitawashikaje."

Mama ndiye aliyekasirika. "Nyathina, mtoto wangu, unataka uingie kwa wakwe kimya kimya kama mwizi? Wakuria watasema hatukukupenda."

Nilijua Mama anachokiona. Alishazika mtoto mmoja kwa kelele, na kelele zile ndizo zilizomwambia kwamba mtoto wake alikuwa mtu. Lynnet naye alijua. Akasema kwa ile sauti iliyobaki, "Mama, honi wapige mpaka betri zife. Sauti haijawahi kumwangusha mtu. Nimechunguza. Wapige, waimbe, wabebe miti mizima wakitaka. Nyuma yangu tu."

Mama alifikiri. "Matawi pia?"

"Hata matawi. Na abiria wavae helmeti."

Levis alitoka pale akilia, hakujificha. Lynnet alifariki Alhamisi, tarehe 12 Juni 2025, asubuhi, Mama akimshika mguu na Magige akimshika mkono.

Yaliyobaki hayamo katika programu mlizoshika, kwa sababu programu zilichapishwa Jumatano na haya ni ya jana.

Jana, Ijumaa, tulimtoa mochari Homa Bay. Naomba niwaambie ukweli, niliogopa. Kazi yake yote ilikuwa inaendeshwa barabarani siku hiyo, na mwenyewe hakuwepo kuitetea. Kijana mmoja akianguka, watu wangesema vitabu ni vitabu na desturi ni desturi, na ingekuwa imeisha. Pikipiki zilikuwa nyingi kupita zote nilizowahi kuziona, na Rodi zikaongezeka. Levis hakuwa mbele. Alikaa nyuma tu ya gari la maiti, kwenye mstari wa katikati, mahali ambapo kila anayetaka kupita lazima amwone. Honi zililia hivi kwamba mpaka sasa sikio langu la kushoto halijanirudia. Tulipita pale alipoangukia Ochieng. Levis hakugeuza kichwa, na mimi niligeuza.

Awendo tukapita salama. Uriri ndipo palipotaka kuharibika. Kundi la vijana ambao hawakuwa na habari walitokea kwenye makutano, matawi juu, wakashika upande wa kulia kutupita, na lori lilikuwa linakuja kutoka Migori. Levis alinyoosha mkono, hawakumwona. Mimi nilifumba macho. Nikasikia dirisha la gari la maiti, tulimokaa mimi na Mama, linashushwa. Mama Phelesia, mwenye umri wa miaka sabini na tano, alitoa kichwa na nusu ya mwili nje, nikamkamata gauni.

"Rudini nyuma!" aliwaambia. "Mtoto wangu ndiye anayetangulia leo. Nani amekuwa mkubwa kuliko yeye?"

Mwasoma vitabu, mwachora barabara kwenye kompyuta, lakini mama aliyefiwa akikukemea kutoka gari la matanga, utapunguza. Walipunguza. Lori likapita. Wale vijana wakaingia nyuma ya Levis kimya, halafu wakakumbuka kwamba honi zinaruhusiwa, wakazipiga kuliko wote. Mama alirudi kitini, akanyoosha kitambaa chake cha kichwa, akasema, "Ndivyo alivyosema Lynnet," kana kwamba hoja ilikuwa yake tangu mwanzo.

Migori mjini watu walisimama kutazama, kwa sababu hawajawahi kuona msafara wetu ukipita wenye kelele zote hizo na mstari mmoja. Hapa Kehancha wakwe walidhani tutafika jioni. Tulifika hata chai haijachemka, na mama mkwe wake akatulaumu kwa kuwahi. Marion alishuka, akaangalia saa yake, akaketi chini kwenye nyasi na kulia. Sikumuuliza saa ilisema nini, niliona.

Marehemu ameacha mume, Injinia Magige Nyamhanga, watoto, Terry na Job, mama mzazi, Phelesia Anyango, dada, mimi Pauline, wakwe zake wote wa ukoo wa Nyamhanga, wanafunzi wake, Marion na Dkt. Kerosi, ambao wamesema watapeleka kazi hii mpaka Kisii na Kisumu. Na vijana wa boda boda, ambao kuanzia jana ni wa nyumba hii. Ametanguliwa na baba yetu Elisha, na Ochieng.

Jana, baada ya jeneza kuingizwa nyumbani, Levis alisimama langoni akawahesabu vijana wake mmoja mmoja, wa Ndhiwa, wa Rongo, na wale wa Uriri aliowakuta njiani. Akarudi kwangu vumbi usoni, akasema hakuna aliyepungua. Nilishika simu yangu mkononi, mazoea tu, nikijua haitalia.

Basi nakujibu hapa, mdogo wangu, mbele ya watu hawa wote. Pumzika sasa, Lynnet. Tumefika wote.