Glavu ya Lorna Throssell

Bi. Lorna Throssell, mkaguzi wa uzio wa uwanja wetu wa Skelby, anastaafu rasmi leo, Ijumaa tarehe 4 Oktoba 2024, baada ya kuitumikia klabu yetu ya mbio za pikipiki, Vipanga, kwa miaka arobaini na mitatu. Wapo watakaosema ni thelathini na saba tu, kwa sababu kwa miaka sita uwanja ulifungwa na hapakuwa na uzio wa kukagua. Lorna mwenyewe anasema hiyo sita ihesabiwe, tena ihesabiwe mara mbili, maana ndiyo aliyoogopa zaidi.

Nimeombwa niandike maneno ya kuchangamsha. Nitajitahidi. Lakini huwezi kueleza habari za Lorna ukaacha woga, kama vile huwezi kueleza habari za mwokaji ukaacha unga. Anaogopa mabata bukini wa pale mferejini. Anaogopa ngazi za umeme za madukani. Anaogopa mafuta ya moto, kwa hiyo hajawahi kukaanga chipsi maishani mwake, hununua kibandani kwa Sheila kila Ijumaa na kuzila akiwa amesimama mbali na kibanda. Wala hajifichi. Huogopa kwa sauti, mbele za watu, na ukimcheka anakutazama kama mtu anayekuhurumia.

Alifikaje kwetu? Alikuja kugomba. Mwaka 1981 alikuwa amehamia nyumba ya mwisho ya mtaa wa Skelby, ambayo ua wake unapakana na kona yetu ya pili, na kila Ijumaa kelele za injini zilimwamshia mtoto. Akambeba mtoto, akaingia langoni mbio zikiendelea, akamtaka meneja wa wakati ule. Meneja, mzee mmoja mpole, akampeleka ukingoni ili aone mwenyewe kwamba pikipiki zile haziwezi kunyamazishwa. Lorna akatazama. Vijana wanne wamejipanga, wanazunguka kushoto, kushoto, kushoto tena, gurudumu la nyuma linateleza, udongo mwekundu unaruka hadi jukwaani.

"Wanafungaje breki?" akauliza.

"Hazina breki, bibie."

"Hazina breki! Na mtu akikosa kona?"

"Kuna uzio."

Basi akaenda kuutazama uzio. Waliokuwepo wanasema alirudi uso umemsawajika. "Ule? Ule ndio mnaouita uzio? Mimi siwezi kumwekea hata kuku wangu!" Habari ya kelele ikaishia pale pale. Ijumaa iliyofuata alikuja tena, mtoto kamwachia mama yake, akagomba kuhusu msumari mmoja uliochomoza. Ijumaa ya tatu wakampa koti jeupe la kazi, ili angalau watu wajue anagomba kwa niaba ya nani.

Namna yake ya kufanya kazi mnaijua, lakini wageni hawaijui. Kabla ya mbio, Lorna huvaa glavu ya sufu mkono wa kulia, sufu ya kawaida, aliyoifuma mwenyewe, na huuzunguka uwanja mzima kwa mwelekeo wa waendeshaji huku kiganja kikiupapasa uzio. Kwenye kona hupapasa ile mito ya hewa ya kumpokea anayeanguka, na kwenye njia iliyonyooka hupapasa mbao. Sufu ikipita laini, anaitikia kwa kichwa. Uzi ukinasa, hata uzi mmoja, anasimama hapo hapo na kusema neno lake moja: "Bado." Lorna akisema bado, ni bado. Mwaka 1994 alisema bado mbele ya kamera za televisheni, na mtangazaji alilazimika kuzungumzia hali ya hewa mpaka akaishiwa mawingu.

Mwishoni mwa msimu wa 2015 tukafungiwa. Mwenye kiwanja alitaka kujenga nyumba, watazamaji walikuwa wamepungua na kuzeeka, waendeshaji wazuri walikuwa wanakimbilia Poland na Sweden ambako viwanja vinajaa. Magugu yakaota kwenye njia. Mbweha wakazaa chini ya jukwaa. Mimi, msawazishaji wa udongo wa njia, nilikuwa dereva wa trekta asiye na trekta. Lorna aliendelea kuja Ijumaa jioni, anashika wavu wa lango, anachungulia, anarudi nyumbani. Nilimuuliza anaogopa nini wakati hakuna mtu wa kuanguka. Akaniambia, "Neville, naogopa watafungua tena na mimi nitakuwa nimesahau."

Wakafungua tena. Desmond Garbutt aliuza duka lake la mazulia, akaupanga uwanja kwa mkataba wa msimu mmoja, akaanza kubembeleza. Aliibembeleza halmashauri, akawabembeleza majirani wapya waliojenga mpaka ukutani kwetu, akawabembeleza vijana waje kuendesha kwa malipo ambayo Poland wangeyacheka. Halmashauri ilitoa kibali cha majaribio chenye sharti moja gumu: saa tatu na nusu usiku injini zote kimya. Zikilia baada ya hapo hata mara moja, kibali kimekufa na wajenzi wanaingia. Nani alikwenda kuongea na majirani? Lorna. Aligonga milango akisema, "Na mimi nilikuja kugomba kama nyinyi. Angalieni yaliyonipata."

Sasa niwaeleze usiku wa kufungua, Aprili 2022, kwa sababu wengi mlikuwepo na wengi wenu mlimzomea.

Uwanja ulifurika. Watu walitoka Hull, walitoka Doncaster, wazee wamevaa skafu za rangi za Vipanga zilizokaa kabatini miaka yote ile. Harufu ya mafuta ya injini ilipotokea, nilimwona mwanamume mzima anafuta machozi kwa karatasi ya chipsi. Desmond alikuwa hatulii, anatembea huku na huku na kusema "Tumerudi, tumerudi" hata kwa watu wa choo. Kwenye lango la nyuma alisimama ofisa wa halmashauri na saa yake mkononi.

Lorna akaanza mzunguko wake. Kona ya kwanza, laini. Kona ya pili, laini. Akatoka kwenye mito ya hewa na kuingia kwenye mbao za upande wa nyuma, pale ambapo mwendeshaji aliyetoka nje sana kwenye kona hutupwa, na glavu ikanasa. Akaivuta. Akapiga hatua, ikanasa tena. Kila ubao, ikanasa. Nikamwona ameinua mkono na nyuzi zinaning'inia, akageuka, uso ule ule waliousimulia watu wa 1981.

"Bado," akasema.

Kosa lilikuwa hili, na ni kosa la watu wa mchezo huu tu. Mbao za uzio hupandana kidogo, na kingo zake lazima zielekee kule waendako waendeshaji, ili anayejibamiza ateleze juu yake kama mkono unavyopita kwenye manyoya ya paka. Zikigeuzwa, kila ukingo unakuwa patasi inayomngoja. Sasa sisi hapa tuna neno moja kwa kila kitu: kushoto. Kila kitu kinakwenda kushoto, hata mtoto wa hapa ukimwamsha usingizini atakuambia kushoto. Desmond aliwaambia wale waliojitolea kufunga upya mbao za upande wa nyuma, "Kingo zielekee kushoto," akawakataza wasikanyage udongo mpya. Basi walisimama nje, upande wa watazamaji, wakazielekeza kushoto. Kushoto kwao. Jamani, ukiwa nje kushoto ni kulia! Hakuna aliyewaza.

Desmond alikuja mbio. "Dada Lorna, nakuomba. Nakupigia magoti. Tukichelewa hatumalizi, na tusipomalizia mbio watu hawa hawarudi tena."

"Wasirudi."

"Ni upande mmoja tu!"

"Mtu huanguka upande mmoja tu, Desmond."

Callum Raistrick, kijana wetu wa hapa hapa, kepteni, akasogea na kofia yake kwapani. "Mama Lorna, sisi tutapita ndani. Hatutatoka nje kabisa, naapa."

"Wote niliowapelekea matunda hospitali walikuwa na mpango wa kupita ndani," akamjibu. "Nenda katafute drili."

Nilichokiona mimi kwenye kiti cha trekta, na hamkukiona nyinyi jukwaani, ni miguu yake. Ilikuwa inatetemeka mpaka pindo la koti linacheza. Aliogopa mbao, aliogopa umati, aliogopa kwamba yeye Lorna, kwa mkono wake, anaiua klabu usiku ule ule ilipofufuka. Kuna mmoja alipaza sauti, "We bibi, rudi nyumbani kafume!" na jukwaa zima likaangua kicheko, kisha makofi ya dharau, kisha kuzomea. Hakusogea. Alibaki amesimama mbele ya zile mbao, mgongo kwa umati, kama mtu aliyefungiwa mlango wa nyumba yake.

Tukazigeuza. Waendeshaji wenyewe, na mavazi yao ya ngozi, walipiga magoti wakifungua skrubu, Desmond anashika mbao na kulia, mimi nimewasha taa za trekta zimulike. Muda ulikwenda, we acha tu. Lorna akapita tena na glavu, mwanzo hadi mwisho, akaitikia kwa kichwa, na kamba zinazowazuia waendeshaji kwenye mstari wa kuanzia zikaruka.

Saa tatu na nusu Desmond akazima injini zote kwa kupunga bendera nyekundu, mbio nne zikiwa bado. Watu waliondoka wananuna. Wengine walirusha vijitabu vyao vya alama kwenye udongo. Na kwenye zile mbao hakuna aliyegonga. Usiku mzima, hakuna hata mmoja aliyezikaribia. Callum alipita ndani kama alivyoapa.

Ningependa niwaambie kwamba baadaye mtu aligonga pale na kuokoka, tukampigia Lorna makofi. Haikutokea hivyo. Kwa majuma mawili tulidhani amekwisha kutuua. Ijumaa ya pili jukwaa lilikuwa na watu wa kuwajulia hali mmoja mmoja. Kilichotuponya ni yule ofisa wa lango la nyuma: aliandika kwamba tulikuwa na kila sababu ya kuvunja sharti usiku ule lakini tulizima injini kwa wakati. Kibali kikaongezwa. Watu wakarudi pole pole, wale wa skafu kwanza, halafu wajukuu zao. Bado hatuko salama. Mkataba na mwenye kiwanja ni wa msimu kwa msimu, mvua ikinyesha Ijumaa mbili mfululizo Desmond anakonda, na vijana wa kuendesha ni wachache mno. Lakini tupo. Na tangu tulipofungua, hakuna aliyetoka uwanjani humu akiwa amebebwa kwa sababu ya uzio.

Kazi ya namna hiyo haina kombe. Haina hata picha. Utapigaje picha kitu ambacho hakikutokea?

Jambo moja ambalo wengi hamlijui: tangu avae lile koti jeupe Lorna hajawahi kutazama mbio. Hata moja. Kamba zikisharuka, yeye huutazama uzio mpaka pikipiki zinyamaze. Ukimuuliza nani kashinda anasema, "Wote wamerudi wamesimama." Mwaka Callum alipotwaa ubingwa, Lorna alijua Jumapili, kanisani.

Ilipokuja habari ya mrithi, walijitokeza wawili, wakakamavu, wenye vyeti. Aliwakataa. "Hawaogopi," alisema. Kisha akaninyooshea kidole mimi, dereva wa trekta, kwa sababu eti mikono yangu hutetemeka kila kamba zinaporuka. Alinifundisha msimu wote huu. Ijumaa iliyopita alinipa glavu nikatangulia peke yangu. Nikauzunguka uwanja mzima, laini, nikarudi najisikia mwanamume. Akanivua glavu, akaenda njia ile ile, ila yeye aliinama, mkono chini usawa wa goti. Upande wa nyuma ikanasa. Skrubu moja, kichwa kimechomoza kidogo tu.

Hakunigombeza, na hilo ndilo lililonitisha. Alisema, "Neville, umeuogopa kama mtu aliyesimama. Uuogope kama mtu aliyeanguka."

Sijalala vizuri tangu siku hiyo. Jioni hii, kabla ya gwaride la waendeshaji, mtaona mwanamume mnene ameinama anapapasa uzio kuanzia kona ya kwanza. Msinicheke. Na nikisema bado, nawaomba mnywe chai yenu mtulie.

Dada Lorna, kwa niaba ya Desmond, waendeshaji, Sheila wa chipsi na kila mama aliyepokea mwanawe Ijumaa usiku akiwa mzima, ahsante. Nenda kapumzike kwa raha, na mabata wakuheshimu. Tumekuwekea kiti katikati ya uwanja, kinatazama mstari wa kumalizia, mgongo kwa upande wa nyuma. Leo tazama mbio, hata moja tu, utuambie nani kashinda. Usigeuke. Kule nyuma nipo mimi, na naogopa vya kutosha.

Neville Stubley, aliyekuwa wa trekta