Fulgensi, B.

Lukelo alijifanya anatazama mpunga dirishani, lakini masikio yake yalikuwa kwenye kiti cha mbele ndani ya basi la Mlimba. Pale Dativa, binti wa chuo, alikuwa amemaliza kuandika namna mama aliyekaa naye anavyohifadhi mbegu kwa majani ya mwarobaini.

"Nitakutaja, mama. Mkutubi wetu katufundisha, neno lisilo na chanzo mwalimu analikata."

"Mkutubi huyo ana akili. Hebu nisomee."

"Fulgensi, B. Mahojiano, Mchombe."

"Fulgensi ndiye nani?"

"Si wewe, mama? Umeniambia Balbina Fulgensi."

"Fulgensi ni mume wangu! Mbegu zake zililiwa na wadudu miaka mitatu, ndiyo maana nikaanza kuweka zangu. Leo aingie chuoni kwa mgongo wangu?"

Lukelo akakohoa, ingawa hakuwa na kikohozi.

"Ndio utaratibu wa maktaba, mama. Jina la mwisho linatangulia, la kwanza linabaki herufi."

"Kwa hiyo mimi nibaki herufi?"

"Nikikosea marejeo narudishiwa kazi nzima, na naikabidhi kesho."

"Basi futa na mwarobaini wangu."

"Mama, sura nzima imesimama hapo!"

"Imesimama juu ya nani?"

Kondakta akagonga bodi: "Mchombe!" Basi likasimama. Mama Balbina akashuka na kikapu chake bila kuaga. Lukelo akanyoosha shingo. Kalamu ya Dativa ilikuwa imeganda juu ya ile B, kwenye nukta yake.