Mikono Arobaini ya Kushoto

Kwenye kiti cha mbele yangu ndani ya basi alikaa dada mkata vitambaa wa kiwanda cha mashati, kaikumbatia barua ya daktari kama kichanga. Jirani yake, bwana mmoja mwenye funguo nyingi kiunoni, akamtazama kama askari wa getini.

"Unaumwa nini, dada? Mbona mzima?"

"Usingizi, kaka. Tangu ile homa ya virusi, mwezi wa nne huu, silali. Juzi nimekata mikono arobaini ya mashati, yote ya kushoto. Msimamizi kasema bila barua hii, kazi sina."

"Homa imeondoka, usingizi imeubebea nini?"

Nilitaka kumjibu, nikasogeza sikio tu. Sisi wazee tuna adabu zetu.

"Daktari kasema homa huweza kupona, mwili ukabaki unaugua."

"Wimbo huohuo anaimba mke wangu! Mimi namwambia ni uvivu."

"Naye aliumwa homa?"

Yule bwana akazishika funguo zake. "Aliumwa."

Basi likasimama, dada akainuka.

"Ngoja, hebu nisome jina la huyo daktari."

"La nini, kaka? Si uvivu?" Akashuka na barua yake.