Mwalimu Aliyechezesha Mechi Tano

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tukae. Kama redio yako iko jikoni, punguza moto kidogo. Kama uko kazini, endelea na kazi yako, sikio moja litatosha. Leo tunamkumbuka mwalimu wa hesabu ambaye pia alikuwa refa. Amefariki Jumanne asubuhi, akiwa na miaka sitini na minne, na jana amezikwa.

Mnivumilie, sauti yangu leo imechoka. Kiti hiki nimekikalia miaka kumi na tisa nikisoma habari za waliotutoka, na karibu wote walikuwa watu wasio na doa. Hakuna hata mmoja aliyewahi kumfokea jirani. Unasoma mpaka unajiuliza, hivi wale wakorofi tunaopishana nao kila siku huwa hawafi? Basi mwalimu huyu hakutaka tumsome hivyo. Aliacha maagizo, na tutayafuata.

Ila kwanza tuelewane kuhusu kombe, maana kuna vijana wanaotusikiliza ambao hawakuwepo.

Kombe la taifa la mtoano lilianza na timu kumi na mbili. Walikuwa watu wa reli, watu wa posta, wa viwandani, na walimu waliokuwa wakiazima jezi za wanafunzi zinazowabana kwapani. Baadaye timu zikafika sitini na nne. Ligi ina huruma, ukifungwa leo wiki ijayo utajitetea. Kombe halijui huruma. Mnacheza, mmoja anaendelea, mwingine anakunja jezi anarudi nyumbani. Majina yanaandikwa kwenye vikaratasi, yanachanganywa kwenye bakuli, na timu ya mtaani inaweza kujikuta imepangwa na mabingwa wa ligi. Sitini na nne wanabaki thelathini na wawili, thelathini na wawili wanabaki kumi na sita, na kuendelea hivyo mpaka fainali. Mwalimu alikuwa akilitumia kombe hilo kufundishia kugawanya kwa mbili. Wanafunzi wake wa zamani wanasema ndiyo hesabu pekee waliyotoka nayo shuleni.

Na sare je? Leo mnajua: dakika thelathini za nyongeza, kisha mikwaju ya penalti. Enzi zile hakukuwa na mikwaju. Sare ilirudiwa siku nyingine, uwanja mwingine. Ikiwa sare tena, inarudiwa tena. Na palikuwa na kanuni ya pili: refa aliyeanza kuchezesha ndiye atakayemaliza. Waliiweka ili timu zisilalamike kwamba refa kabadilishwa kwa hila. Kwenye karatasi ilikuwa kanuni nzuri kabisa.

Sasa twende robo fainali ya miaka ishirini na sita iliyopita. Timu ya reli dhidi ya timu ya kiwanda cha saruji. Refa alikuwa mwalimu wetu, wakati huo akiwa na miaka thelathini na minane, mwembamba, na masharubu aliyoyatunza kuliko viatu.

Jumamosi, moja kwa moja. Jumatano, bila kwa bila. Jumapili, mbili kwa mbili, na reli walisawazisha watu wakiwa wameshaanza kutoka uwanjani. Alhamisi, bila kwa bila tena, chini ya mvua, mpira ukikwama kwenye matope hata upepo ukashindwa kuusogeza. Na kila mechi ilikuwa na zile dakika thelathini za nyongeza.

Asubuhi mwalimu alikuwa darasani, chaki mkononi. Mchana anapanda basi kwenda alikopangiwa. Usiku anarudi, asubuhi yuko darasani tena. Mjane wake ameniambia kwamba wiki ya pili alimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, soksi moja mguuni, nyingine mkononi.

"Nikamuuliza, baba watoto, unavaa au unavua?" mama anasimulia. "Akaniangalia, akasema, 'Hata mimi sijui, mke wangu.' Tukacheka. Lakini nilimwonea huruma, nisikufiche."

Wachezaji nao walikuwa taabani. Hawa hawakuwa wachezaji wa kulipwa. Walikuwa mafundi na makarani, wanaomba ruhusa kazini, wanacheza dakika mia na ishirini, wanarudi zamu. Mechi ya nne ilipoisha, nahodha wa reli alimfuata refa akamwambia, "Mwalimu, si utupe hata penalti moja ya uongo, yeyote apewe, twende makwetu?" Ulikuwa utani. Mwalimu alicheka. Lakini maneno hayo aliondoka nayo.

Jumatatu ikafika. Mechi ya tano, siku ya kumi na saba. Nairudia ili tuende pamoja: mechi tano, siku kumi na saba, refa mmoja. Uwanja ulijaa nusu tu, hata mashabiki walishakata tamaa. Dakika tisini zikaisha bila goli. Nyongeza ya kwanza ikaisha bila goli. Wachezaji walikuwa wakitembea. Kipa wa saruji, kijana wa miaka ishirini na minne, ndiye pekee aliyekuwa bado akipiga kelele, na sauti yenyewe ilikuwa imeshakauka.

Dakika ya mia na kumi na nane, reli wakapata kona. Mpira ukaja, vichwa vikapanda, watu wanne wakaanguka juu ya mstari wa goli, kipa chini yao na mpira kifuani. Mwalimu alikuwa nje ya boksi. Alitakiwa awe karibu zaidi, na alijua. Aliiambia miguu iende, ikabaki pale pale. Mshika kibendera wa upande ule naye alikuwa ameachwa nyuma, mikono kiunoni, akitafuta pumzi.

Umeingia? Haujaingia? Mwalimu hakuona. Aliona migongo na matope. Alichokiona vizuri, alikuja kumwambia binti yake miaka mingi baadaye, ni Ijumaa. Aliiona Ijumaa ya mechi ya sita: basi, vumbi, dakika mia na ishirini nyingine. Na filimbi ikalia. Ikalia kabla hajaamua. Mkono wake ukaonyesha katikati ya uwanja. Goli.

Saruji wakaruka juu kwa hasira. Kipa akanyanyuka na mpira wake, akaanza kuja. Mwalimu alisimama akimngoja, akijua atabishiwa, na moyoni, wasikilizaji wapendwa, aliomba abishiwe. Angebishiwa na mtu aliyekuwa na mpira mkononi, labda angemuuliza mshika kibendera, labda angefuta. Kipa akafika mbele yake. Akasimama. Kisha akamkabidhi mpira, akageuka, akarudi golini.

Basi kila mtu akasema, kama kipa mwenyewe hakubisha, uliingia. Reli wakashinda moja bila. Nusu fainali walifungwa manne, wakijikokota kwa uchovu. Mwaka uliofuata chama cha mpira kikaleta mikwaju ya penalti, na ile kanuni ya refa mmoja ikafutwa. Na yule kipa akapewa jina. Mlango Wazi. Wenzake kiwandani walimwita hivyo mpaka akaacha kazi. Akajifunza kuchomelea vyuma, akafungua karakana ya mageti, na jina likamfuata huko huko. Wateja wakifika wanauliza, hivi mageti ya Mlango Wazi yanafungika kweli? Naye anacheka nao. Miaka ishirini na sita amecheka nao.

Mwalimu aliendelea kuchezesha misimu mitano, kisha akatundika filimbi. Waandishi walimuuliza habari za mpira ule mara nyingi. Mimi mwenyewe nilimuuliza, hapa hapa studio. Jibu lake lilikuwa moja: "Kipa alikuwa karibu kuliko mimi." Tukaliona jibu la busara. Halikuwa busara, alikuwa amejificha nyuma ya kipa. Kwa kuwa kipa alinyamaza, mwalimu alijiambia labda kweli uliingia, na akaishi juu ya hiyo labda.

Mwaka huu moyo wake ulianza kumsumbua. Miguu ikavimba. Daktari akamwambia moyo umechoka. Binti yake, ambaye ni muuguzi, ndiye aliyekuwa akimpeleka kliniki.

"Siku moja tunatoka hospitali, akaniambia nimpeleke kwa fundi mageti," binti anasimulia. "Nikamwambia, baba, geti letu zima. Akasema, twende tu, mwanangu. Nikajua kuna jambo."

Walimkuta fundi ameinama juu ya fremu, cheche zikiruka. Alipomwona mgeni alizima mashine, akavua ile kinga ya uso, akamtazama.

"Shikamoo, mwalimu. Umezeeka."

"Marahaba. Na wewe umenenepa."

Wakacheka wote wawili. Fundi akamtafutia kiti, akakifuta kwa kiganja. Mwalimu akakaa. Hakuzungusha maneno.

"Nimekuja kukuuliza kitu. Ule mpira uliingia?"

Fundi alivua glovu, moja, kisha ya pili. "Miaka yote hii hukuwahi kuniuliza."

"Niliogopa utakachonijibu."

"Haukuingia, mwalimu. Niliudaka. Nilikuwa nao hapa kifuani, na mgongo wangu ndio uliokuwa juu ya chokaa. Mpira haukugusa hata mstari."

 Mwalimu akauliza, polepole, "Sasa mbona hukubisha?"

"Nilikuja kubisha! Nimetoka golini na matusi yangu yote mdomoni. Nafika mbele yako, nakukuta umefumba macho. Umesimama katikati ya uwanja, watu wanapiga kelele, wewe umefumba macho kama mtu aliyelala kwenye foleni. Nikajisemea, nikimbishia huyu atafuta goli, na Ijumaa tuko hapa tena. Nyumbani nilikuwa na mtoto mchanga, mke wangu yuko peke yake, siku kumi na saba sijamshika mtoto vizuri. Nikakupa mpira."

"Kwa hiyo ulijua."

"Nilijua. Tulichoka wote wawili, mwalimu. Ila jina nililipata mimi peke yangu."

Mwalimu aliinama. Fundi akaendelea, na binti anasema hakuwa na hasira hata kidogo, alikuwa anaeleza tu. "Mke wangu amefariki miaka mitatu iliyopita. Amekufa akiamini niliuachia. Alikuwa akinitetea sokoni, akigombana na watu kwa ajili yangu, lakini moyoni aliamini niliuachia. Ningemwambia nini? Kwamba niliudaka kisha nikautoa kwa mkono wangu?"

Mwalimu alilia pale kwenye kiti. Binti yake alikuwa hajawahi kumwona akilia. Alipotulia akasema atakwenda redioni, aseme mbele ya watu. Fundi akasema, ukisema hivyo mimi nitaonekana mjinga zaidi. Mwalimu akamjibu, "Nitasema la kwangu. La kwako ni lako, utalisema ukipenda."

Alinipigia simu Ijumaa iliyopita. Alitaka dakika tano. Tukakubaliana Alhamisi, saa nne asubuhi. Jumanne alikuwa amekaa kwenye kiti anakunywa chai, mkewe akaingia ndani kumchukulia dawa, aliporudi alikuwa ameondoka. Alhamisi saa nne ilipofika, aliyeingia studio ni binti yake, na karatasi iliyochanwa kwenye daftari la hesabu. Mwandiko ni wa mwalimu. Naisoma kama ilivyo.

"Mpira wa dakika ya mia na kumi na nane haukuvuka mstari. Sikuuona, nikapuliza filimbi kwa sababu nilikuwa nimechoka na nilitaka kurudi nyumbani. Kipa hakukosea. Mimi ndiye niliyekosea, na baada ya hapo nikamwacha abebe kosa langu kwa miaka ishirini na sita kwa kuwa alinyamaza. Ninamwomba radhi yeye, na mkewe marehemu, na wenzake wa saruji. Msiniite mwadilifu mtakaponizika. Semeni tu nilichelewa, lakini nilisema."

Mwisho wa karatasi.

Jana, tukitoka makaburini, nilimuuliza fundi kama naruhusiwa kusimulia na upande wake. Alikuwa amevaa shati jeupe ambalo bado lilikuwa na mikunjo ya dukani. Akafikiri, akasema, "Simulia yote. Mtoto wangu, yule mchanga wa wakati ule, ana miaka ishirini na sita. Atakuwa anasikiliza."

Nimewauliza pia wakubwa wa chama cha mpira. Wamesema matokeo ya kombe hayabadilishwi baada ya miaka yote hiyo, na vitabu vitabaki vilivyo. Sina nguvu ya kugombana nao.

Kwa mjane wa mwalimu, mama yetu, pole sana. Kwa binti yake, aliyeleta karatasi hii badala ya kuiacha ndani ya daftari, pole, na ahsante. Kwa wanafunzi wake, na marefa wenzake, poleni. Na nyinyi wengine mlioko majumbani na makazini, hebu tukae kidogo na jambo hili. Kuna mtu umemwacha abebe lako kwa sababu hakubisha? Kama yupo, na bado anapumua, na wewe bado una miguu ya kukufikisha, usingoje mpaka daktari akwambie neno.

Na kwako wewe, binti au kijana wa fundi, sijui uko wapi asubuhi hii. Vitabu vitaendelea kuandika moja bila. Mimi nakwambia kwa idhini ya refa aliyekuwepo na kipa aliyekuwepo: baba yako aliudaka. Aliudaka, kisha akaja nyumbani kukushika wewe.