Kiti cha Tatu Ofisini kwa Mwalimu

Mheshimiwa Jaji, mgeni wetu rasmi, Mheshimiwa Makamu Mkuu wa Chuo, Mkuu wa Kitivo cha Sheria, wahadhiri wangu, mlionipa alama na mlioninyima, mawakili wenzangu, wanafunzi mliosimama kule nyuma kwa sababu viti vimewaishia, ndugu na jamaa wa Mwalimu, na wewe mama yangu mzazi, uliyekubali kuja baada ya kubembelezwa wiki nzima: nawasalimu nyote kwa heshima. Kama kuna mkubwa niliyemruka, naomba asinihesabie. Mimi ni wakili, nimezoea kusahihishwa mbele za watu.

Nimepewa heshima ya kusema neno kwa niaba ya wanafunzi wote waliowahi kusimamiwa na Mwalimu katika tasnifu zao za shahada ya kwanza. Tangu asubuhi nawasikia wasemaji walionitangulia wakisema Mwalimu alikuwa hivi, Mwalimu alikuwa vile. Jamani, Mwalimu anastaafu tu. Yuko pale mbele, anatusikia, na kwa jinsi ninavyomjua anatusahihisha kimoyomoyo.

Sisi tuliopita mikononi mwake hatukumwita kwa jina. Tulimwita Mwalimu Kiti. Wageni wetu mnaweza kudhani ni utani wa wanafunzi, na ni utani kweli, lakini una asili yake, na bila kuieleza asili hiyo sitaweza kueleza lililonileta hapa.

Ofisi yake, kwa wasioijua, iko mwisho wa korido ya ghorofa ya pili, mkabala na chumba cha mafaili, na ina dirisha moja lisilofunga vizuri. Ndani mna meza, kabati, na viti vitatu. Kimoja cha Mwalimu. Kimoja cha mwanafunzi. Cha tatu, cha mbao, kilikaa pembeni ya meza, na hakikaliwi. Tulikuwa tukija watu sita kwa pamoja, watano tunasimama tumeegemea ukuta, na kile kiti kiko wazi, na hakuna aliyethubutu kukisogelea.

Ukifika na mada yako, Mwalimu anakusikiliza mpaka mwisho. Hakukatizi. Halafu ananyoosha kidole kwenye kile kiti na kusema, "Mkalishe mtu pale." Maana yake, niambie mada hii inamhusu nani. Si nchi, si jamii, si maendeleo endelevu. Mtu mwenye miguu, anayeweza kuingia mlangoni, kukaa, na kusema linalomsibu. Mwenzetu mmoja, ambaye leo ni mwendesha mashtaka na ameketi hapa akijifanya hanisikii, alijibu kwa kujiamini kwamba mada yake iliwahusu wadau. Mwalimu akamtazama, akakitazama kiti, akasema, "Wadau hawaenei hapo, mwanangu. Nenda kaniletee mmoja." Mwenzetu akaenda, na akarudi baada ya muhula mzima.

Ndugu wageni waalikwa, mnaweza kujiuliza, kuchagua mada kuna uzito gani? Si kichwa cha habari tu, kurasa kadhaa, jalada gumu, basi? Nami nilidhani hivyo. Mada yangu ya kwanza ilihusu usuluhishi wa migogoro ya biashara ya kimataifa kwa njia ya mtandao. Niliichagua kwa sababu rafu ya vitabu vyake maktaba ilikuwa imejaa, na kwa sababu ilipendeza kutamka. Mwalimu aliposema nimkalishe mtu pale, nilikitazama kile kiti na sikumwona mtu yeyote. Nikatoka.

Mada ya pili sikuitafuta maktaba. Ilikuwa nyumbani.

Baba yangu alikuwa fundi mitambo. Nilipokuwa sekondari alipata kazi ya kufunga mashine katika mji mwingine, akaaga asubuhi kama mtu anayekwenda kurudi. Alipiga simu alipofika. Hatukumsikia tena. Mama alimtafuta vituo vya polisi, hospitali, na vyumba vya kuhifadhia maiti, ambako alijifunza kuangalia miguu kwanza kabla ya uso. Hakumpata mzima, hakumpata mfu.

Miaka ikapita. Mdogo wangu alipohitaji hati ya kusafiria, karani wa dirishani alitaka sahihi ya baba au cheti chake cha kifo. Hatukuwa na hili wala lile. Mama alisimama pale dirishani na foleni nyuma yake ikianza kuguna, na yule karani, bila ubaya wowote, akamuuliza, "Sasa mama, wewe ni mke au ni mjane?" Mama alikusanya karatasi zake, akanishika mkono, tukarudi nyumbani.

Kwa hiyo nilirudi kwa Mwalimu na mada: sheria inayoruhusu mahakama kumhesabu kuwa amekufa mtu ambaye hajasikika kwa miaka saba. Nilisema itafaa irahisishwe, mambo yaende haraka, familia zipumue. Mwalimu akanyoosha kidole. Nikasema, "Mama yangu." Kwa mara ya kwanza hakuuliza swali jingine. Aliniambia tu, "Basi nenda ukamweleze yeye kwanza. Akikubali kukaa, tuendelee."

Nilimweleza Mama jikoni, akiwa anasugua sufuria. Nilitumia maneno mazuri, ya darasani. Aliendelea kusugua. Nilipomaliza alisema, "Kwa hiyo nimekupeleka chuo ukajifunze kumuua baba yako."

Nilijaribu kufafanua. Mawakili mnajua, ukishaanza kufafanua, umeshashindwa. Baba mdogo, mdogo wake Baba kwa ukoo, aliyekuwa sebuleni, akadakia kwamba mtoto amesema kweli, kwamba yule mtu ameshaondoka na kila mwenye akili anajua. Mama akamwambia, "Shemeji, wewe ulimzika lini? Mbona hukunialika?" Siku nyingi baada ya hapo hatukusemezana nyumbani kwetu ila kwa mambo ya lazima, kama chumvi na funguo.

Kisha siku moja, nikiwa ofisini kwa Mwalimu namweleza kwamba nataka kurudi kwenye usuluhishi wa kimataifa, mlango uligongwa na kufunguliwa kwa pamoja. Alikuwa Mama. Alikuwa amevaa nguo zake za kutokea na ana jasho usoni kwa ngazi. Hakusalimia, na Mama yangu ni mtu wa kusalimia hata miti. Akavuta kiti kilichokuwa karibu naye, kile cha mbao, akakaa.

Nilisimama kwa hofu. Mwalimu akanipungia mkono nitulie.

"Wewe ndiye unayemfundisha mwanangu kumuua baba yake?" Mama akauliza.

"Karibu, dada," Mwalimu akasema. "Hajachagua mada bado. Tulikuwa tunakusubiri wewe."

Mama alikuwa amekuja na maneno mengi, nilimjua, ameyapanga njia nzima. Yote yakamkwama. Mwalimu akasogeza karatasi zake pembeni, meza ikabaki tupu, akatulia. Mheshimiwa Jaji, nimewaona wanasheria wakubwa wakiuliza maswali. Sijamwona mwingine anayejua kunyamaza kama Mwalimu, yule mama aliyeketi pale mbele.

Hatimaye Mama akasema, taratibu, kama mtu anayejisemea: "Watu wote wananiuliza amekufa au hajafa. Majirani, shemeji, serikali, sasa na mwanangu. Sijui. Nitajuaje? Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza mimi naishije."

Mwalimu akanigeukia. "Umeisikia mada yako?"

Nilikuwa nimeisikia, ndugu zangu, na niliona aibu na furaha kwa pamoja. Vitabu vyote nilivyosoma vilimzungumzia aliyepotea: alionekana lini, alisikika na nani, ahesabiwe vipi. Aliyebaki hakuwamo. Nikaacha kuandika juu ya kifo cha baba yangu, nikaandika juu ya maisha ya mama yangu. Niliuliza, kwa nini mwanamke alazimike kutamka kwamba mumewe amekufa ndipo aruhusiwe kusaini fomu ya mtoto wake? Kwa nini sheria isimpe mamlaka ya kusimamia nyumba na watoto wakati angali anasubiri, na kumwachia yeye mwenyewe siku ya kuacha kusubiri? Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, wahenga walisema. Na adhabu ya kusubiri, je? Nilikwenda kumuuliza anayeijua, na kila sura niliyoandika nilimsomea Mama, naye alinisahihisha bila huruma. "Hapa umenifanya nalia sana," alisema mara moja. "Punguza. Nilikuwa na kazi za kufanya."

Sasa niwaeleze kwa nini nasema Mwalimu ni mtu mwenye huruma, maana wengi wenu mnamjua kwa ukali.

Mwalimu hakuwahi kumwongezea mtu muda. Mnajua. Mwanafunzi alifika na mguu kwenye plasta akaambiwa, "Pole sana, mwanangu. Mguu ndio uliokuwa unaandika?" Basi siku ya mwisho ya kukusanya tasnifu nilifika nimebeba nakala zangu, jalada gumu la buluu, herufi za dhahabu, bado zinanuka gundi. Mchapaji wa pale nje ya lango alikuwa amefanya kazi safi. Mwalimu alifungua nakala ya kwanza, akafika ukurasa wa kutabaruku, akasimama hapo. Akanigeuzia nisome.

Nilikuwa nimeandika, *Kwa baba yangu*. Ukurasa ule ulisema, *Kwa marehemu baba yangu.*

Mchapaji alikuwa mtu mwema. Alikuwa amesoma kichwa cha tasnifu, akaona mambo ya mahakama na kifo, akadhani binti wa watu kasahau neno la heshima. Akaniwekea, bure, kwa nia njema.

Nikasema, "Mwalimu, ni neno moja tu, na leo ndiyo mwisho. Mama hataliona."

Mwalimu akakifunga kitabu. "Mwanangu, umeandika tasnifu nzima ukidai mtu asitamkwe mfu mpaka anayemsubiri aseme. Kitabu hiki kimemuua bila maombi, bila shahidi, bila hakimu. Sikipokei." Nikaanza kulia. Akavuta rejesta, akaandika mbele ya jina langu, kwa mkono wake mwenyewe, kwamba nimeongezewa muda. Kisha akachukua mkoba wake, akashuka nami ngazi, akavuka nami barabara mpaka kwa yule mchapaji, akasimama pale kwenye kelele za mashine mpaka majalada yote yakabanduliwa na ule ukurasa ukatolewa. Mchapaji aliomba radhi mpaka basi. Mwalimu akamwambia, "Hukukosea adabu, ndugu yangu. Umewahi tu."

Hayo yalipita. Nikahitimu, nikawa wakili. Sheria haijabadilika, nisiwadanganye. Tasnifu yangu iko maktaba, na nadhani wasomaji wake wakuu ni vumbi. Lakini mwaka huu, siku ya kazi, karani wangu aliniambia kuna mteja. Akaingia Mama. Hakuja kama Mama. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akaweka mkoba magotini, akasema, "Wakili, nataka kufungua yale maombi mahakamani, ya mume wangu." Sikumuuliza kwa nini sasa. Mwalimu alikuwa amenifundisha hilo.

Mimi nilikuwa shahidi, hivyo wakili mwenzangu ndiye aliyemsimamia mahakamani. Mama aliomba mtu mmoja tu amsindikize, na hakuwa ndugu. Mwalimu aliahirisha vipindi vyake, yeye ambaye hakuwahi kuahirisha kipindi hata kwa mafua, akaja akaketi naye kwenye benchi.

Hakimu, kijana mpole, alimuuliza Mama kama anaiomba mahakama itamke kwamba mumewe amekufa. Mama aliufungua mkoba wake, akaufunga, mpaka mwenzangu akaanza kupekua faili. Kisha akasema, "Hapana, mheshimiwa. Kama amekufa, hilo silijui, na wewe hulijui. Mimi naomba ruhusa ya kumlilia."

Hakimu aliweka kalamu chini. Alipoichukua tena, alimpa ruhusa hiyo.

Siku ile Mama alilia kwenye korido ya mahakama, watu wakipita na mafaili yao, na Mwalimu alimshika mkono na hakumwambia anyamaze. Nami nililia. Nilikuwa nimemsubiri baba yangu bila kujijua, kwa sababu Mama alikuwa anasubiri kwa niaba ya sote.

Wanafunzi mliosimama kule nyuma, mwakani mtaitwa mlete mada. Mtaambiwa mtafute pengo katika maandishi, na ni kweli, litafuteni. Lakini kabla ya hapo mtafuteni mtu wa kukaa.

Mkuu wa Kitivo, nasikia ofisi ile itapakwa rangi na kuwekewa samani mpya kwa ajili ya atakayemrithi Mwalimu. Wekeni mtakavyo. Kile kiti cha mbao naomba kibaki.

Mwalimu, kwa niaba ya wote uliowafukuza mpaka wakapata cha kusema, tunakushukuru. Umetulea. Umetuuma pia, na kovu tunalo, na tunalionyesha kwa fahari.

Mama, najua hupendi, lakini naomba usimame, wakuone.

Huyo ndiye, ndugu zangu. Hiyo ndiyo mada yangu. Nanyi nawashukuru kwa kunitegea masikio kwa muda wote huu.

Asante, Mama. Sasa keti.