Mama Marthe na Kioo cha Asubuhi

Ijumaa hii, tarehe 27 Juni 2014, Mama Marthe anastaafu baada ya miaka kumi na tisa katika karakana yetu ya Jeppestown, hapa Johannesburg. Aliingia mwaka 1995, ametoka Uvira, akapewa ufagio. Anaondoka akiwa mkuu wa meza ya vali, na ufagio ninao mimi.

Kwa wageni wa sherehe wasiojua kazi yetu: tunatengeneza vifaa vya wazamiaji, vile visivyotoa mapovu. Mzamiaji anapumulia kwenye mfuko, hewa inasafishwa, anaivuta tena. Lakini mwili unakula oksijeni, na akishuka, maji yanaubana mfuko. Lazima gesi iongezwe, na hiyo ndiyo kazi ya vali. Vali moja inajifungua yenyewe: mfuko ukinywea, kiwambo cha mpira kinasukuma wenzo mdogo, gesi inaingia, mfuko ukijaa, springi inafunga. Nyingine ni ya oksijeni, ina kitundu chembamba kuliko unywele na kitufe cha kubonyeza.

Mama Marthe alikuwa na maelezo mafupi zaidi. Aliwaambia wateja kwamba ni kama tangi la choo: maji yakishuka, linajaza lenyewe. Daktari mmoja kutoka Sandton, aliyekuja na saa ya kuzamia kubwa kama kisosi, hakufurahi kusikia kwamba uhai wake unategemea choo. Lakini alirudi kila mwaka, na alimtaka yeye tu.

Yeye mwenyewe hakuwahi kuingia maji yanayopita kifundo cha mguu. Bosi alipotupeleka kwenye bwawa la kuogelea tuone vifaa vikifanya kazi, alikaa mbali, mkoba magotini. Alipokaribishwa ajaribu alijibu, "Asante, baba. Mimi ninajua kupumua huku juu."

Sheria yake ilikuwa moja: mafuta na oksijeni yenye msukumo havikai pamoja. Vikikutana, moto. Kwa hiyo kila asubuhi tulipanga mstari, tukabandika viganja kwenye kipande cha kioo, naye akakiinamisha kwenye mwanga. Kioo kikionyesha ukungu wa mafuta, unarudi kwenye sabuni. Julai ya Johannesburg inapasua ngozi kama udongo wa kiangazi, na sisi Wakongomani tunapenda kung'aa. Yeye alivumilia wa kwanza, bila kujipaka chochote. Mikono yake ilikuwa myeupe kwa ukavu hivi kwamba kanisani walidhani anafanya kazi kwenye bekari.

Julai 2011 nilipita kioo vizuri. Saa nne midomo ikaniuma, nikaipaka mafuta ya mgando kidogo, nikajifuta kwa mkono, nikaendelea kufunga vali za oksijeni. Vali sita. Wazamiaji wenye vali walikuwa wazifuate mchana, wakazame kesho yake kwenye machimbo yaliyojaa maji. Mama Marthe alipita, akasimama.

"Pacifique, midomo yako inang'aa. Hiyo ni neema ya Mungu ao ni mafuta?"

Karakana nzima ilicheka. Yeye hakucheka. Alizifungua zote sita, akaziosha, akazifunga upya, na wazamiaji wakasubiri nje kwenye baridi hadi jioni. Bosi alitaka kunifukuza siku ile ile. Nilikuwa nimeacha mke na watoto watatu Kalemie, na karatasi zangu za kuishi nchini zilikuwa zimebakiza wiki mbili kuisha.

Mama Marthe alimwambia, "Ukimfukuza huyu, utaleta mwingine ambaye hajaogopa. Huyu ameogopa tayari."

Nikabaki. Na bado naogopa, ndiyo maana ameniachia meza. Ufagio natafuta wa kumpa.

Leo asubuhi alibandika kiganja chake kwenye kioo kwa mara ya mwisho, akaniamuru nikague mimi. Nilikiinamisha kwenye mwanga mara mbili, kama alivyonifundisha, ingawa macho yangu hayakuwa yakiona vizuri. Kilikuwa safi.

Zawadi yetu ni kopo la mafuta ya mgando, kubwa kuliko yote yaliyokuwa dukani. Atakabidhiwa nje ya geti, hatua ishirini kutoka mlangoni. Sheria ni yake mwenyewe. Mama Marthe, tunakushukuru kwa miaka kumi na tisa ya mikono mikavu. Nenda uishi kwa raha, Mama, na ung'ae.

Pacifique, meza ya vali